Osmund Anayetusubirisha Makaburini

Jirani yangu Osmund, hapa Bombambili, kazi yake ni kurusha misiba laivu kwa simu, ili ndugu walio mbali nao wazike. Siku hizi akirudi hukaa kizingitini, hata viatu havui. Mkono umemchoka, na watu hawaachi kufa.

Juzi tulimzika bibi Walburga, kule Mpitimbi. Kifungua mimba wake, Suzana, amelazwa hospitali ya Mbesa, mbali, mguu umevunjika. Na kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo. Alimpigia Osmund akilia, "Kaka, wasimfukie mama kabla yangu." Zuhra, anayemuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili, alikuwa amemletea udongo wa uani kwenye bakuli, autupe akiwa kitandani.

Jeneza likashuka. Katekista Bartolomeo akaita, "Suzana, tangulia kumtupia mama udongo!" Kisha akainama achote udongo wake.

"Bado, Katekista! Hajakusikia," Osmund akamzuia.

"Sauti hii? Mbesa wamenisikia hata bila simu yako!"

Watu wakacheka, msibani vile vile.

Osmund alishanieleza. Picha haiendi nzima. Simu inaikata vipande vidogo vidogo, vinapita minarani, na simu ya kule huweka akiba kwanza ndipo ionyeshe. Ni kama tulipopokezana matofali ya kujengea kanisa la kigango: fundi alitaka rundo dogo pembeni yake, ili wa nyuma wakichelewa yeye asisimame. Kwa hiyo wa mbali huona jambo likiwa limeshapita.

Mara mtandao ukalegea, picha ikaganda. Osmund akapunguza ubora wa picha ili vipande viwe vyepesi, nyuso zote zikawa ukungu. "Afadhali ukungu unaotembea," akasema. Jua lilikuwa kali. Wachimba kaburi wakakalia mipini ya majembe.

"Kwani marehemu naye anasubiri mtandao?" Bartolomeo akanung'unika.

"Marehemu hana haraka, Katekista. Ni sisi."

Nikasali Salamu Maria moyoni, nikarudia, nikarudia tena. Ndipo maneno ya Zuhra yakatokea kwenye kioo cha simu: "Ametupa. Analia, lakini ametupa."

Bartolomeo akavua kofia, akachota udongo. Tukafuata wote. Mkono wa Osmund ulianza kushuka na simu, nikamshikilia kiwiko kwa chini mpaka kaburi likafukiwa na msalaba ukasimikwa. Nikataka kumwachia.

"Bado kidogo, mama," akaninong'oneza. "Kule Mbesa ndiyo kwanza wanauona msalaba."