Mwanamke Aliyechunguza Magamba ya Ukoo Wake

Jumanne asubuhi nilikuwa nyumbani kwangu Nachingwea, nikimenya muhogo wa kifungua kinywa, simu ikaita. Alikuwa mwalimu mmoja wa Nambilanje, mtu asiyepiga simu ila kuna jambo. Hata salamu hakutoa. "Yule daktari wa mate amefariki," akasema. "Wamemkuta chumbani kwake Ruangwa mjini. Wanasema ni moyo. Tunazika leo alasiri." Niliweka kisu chini. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanakumbuka kwamba miaka minne iliyopita niliandika habari za mwanamke huyo na utafiti wake. Leo naandika kwa mara ya pili, na sababu ni moja tu: ile mara ya kwanza nilimdhuru.

Alikuwa mtaalamu wa vinasaba, zile chembe ambazo mtu huzipokea kwa mama na baba yake kabla hajazaliwa. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kuchunguza ugonjwa mmoja wa ngozi uitwao soriasisi, ambao huku kwetu watu wengi wanauita magamba. Ngozi inavimba, inakuwa nyekundu au ya kijivu, inajikunja na kupukutika kwenye viwiko, magoti, mgongoni na kichwani. Hauambukizi. Lakini aliniambia kwamba alipokuwa mtoto Nambilanje hakuna aliyeamini hivyo. Mama yake alikuwa nao, na watu wakasema ni ukoma. Zahanati ikapima, ikasema si ukoma. Watu wakasema zahanati imekosea. Akajengewa kibanda mwisho wa shamba la mikorosho. Sahani yake ya bati ilitobolewa tundu ukingoni kwa msumari, ili isije ikachanganyika na sahani za wengine. "Tulikuwa tunampelekea chakula, tunaweka chini, tunarudi nyuma, ndipo anakuja kuchukua," alinisimulia tukinywa chai kwenye mgahawa mmoja pale Kiegei. "Alifia mle, kaka. Aliyegundua ni mbuzi wa jirani aliyeingia kibandani, mwenye mbuzi akamfuata." Alisema hivyo bila kupandisha wala kushusha sauti, kisha akaagiza chapati nyingine.

Akasoma, akaenda hadi vyuo vya nje, akarudi. Wenzake walibaki mijini. Yeye akaomba kuja kufanya kazi katika vijiji hivi hivi vya kwetu, Chiola, Kiegei, Nambilanje, akiwa na sanduku la vichupa vya plastiki. Aliwaomba watu wa familia zenye ugonjwa wateme mate ndani ya kichupa, kwa kuwa ndani ya mate kuna vinasaba vya mtu. Unaweza kufikiria maneno yaliyosemwa. Siku moja nilifuatana naye Chiola, mzee mmoja akakishika kichupa kwa vidole viwili kama anayeshika panya aliyekufa, akauliza, "Mate yangu ukishaondoka nayo, mimi nimebaki na nini hapa? Nikiugua kesho nimfuate nani?" Daktari hakutoa hotuba. Alichukua kichupa kingine, akatema mate yake mwenyewe, akafunga, akampa yule mzee. "Haya baba, na wewe kaa na yangu. Ukiugua nitafute." Mzee akacheka mpaka akakohoa, halafu akatema. Kwa mwendo huo alikwenda nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi. Hakupata sifa. Alipata majibu madogo madogo: vinasaba fulani vinavyojirudia katika familia hizi, vingine vikifanana na vilivyokwisha kujulikana kwingine duniani, vingine havieleweki bado.

Nilipokwenda kumhoji alinikalisha tangu saa tatu hadi adhuhuri. Alirudia jambo moja mpaka nikaona ananichosha: kuwa na vinasaba hivyo hakumaanishi utaugua. Watu wengi wanavyo na wanakufa wazee wakiwa na ngozi laini. Wapo karibu katika kila ukoo, hata ule usiojua. Nikaandika yote kwenye daftari. Kisha nikarudi nyumbani, nikaona habari imekuwa ndefu, nikaanza kukata. Mhariri hakunilazimisha, nilikata mwenyewe, na nilikata hayo hayo aliyoyarudia, kwa sababu yalipoza habari. Kichwa cha habari pia nilikitunga mimi: "Magamba Yamo Kwenye Damu ya Koo." Nikaongeza aya moja kuhusu ukoo wa Nambilanje ambao vizazi vitatu vimeugua mfululizo. Jina sikutaja. Nambilanje nzima ilijua ni ukoo wa daktari mwenyewe. Redio ikasoma habari yangu asubuhi, nami nikakaa siku nzima nikipokea pongezi.

Dada yake daktari alikuwa na binti, ameshaposwa na kijana wa Kiegei. Binti huyo hana doa hata moja mwilini. Siku chache baada ya habari ile, upande wa kijana ulikuja na kipande cha gazeti kimekunjwa kwenye mfuko wa koti. Mama wa kijana ndiye aliyesema, mbele ya watu wote, na binti akiwa nyuma ya pazia. "Zamani tulidhani inaambukiza, tukawa tunakaa mbali. Sasa wataalamu wamesema imo kwenye damu. Damu utaikalia mbali vipi? Mimi sitaki wajukuu wa kupukutika." Wakanyanyuka. Chai walikuwa hawajaigusa. Jioni binti alimwendea daktari, akamwambia maneno ambayo daktari mwenyewe alinieleza baadaye: "Mama mdogo, bibi walimtenga peke yake. Wewe umetutenga wote." Baada ya hapo hakumsemesha tena.

Daktari alikuja kwangu na lile gazeti. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa unafuu. Alilikunjua mezani, akaniuliza, "Kaka, humu kuna uongo wowote?"

Nikasoma tena. "Hapana."

"Hakuna. Ndiyo maana sina pa kukushtaki. Kila neno ni langu. Umechukua nusu tu."

Nilimwahidi kusahihisha. Mhariri akaniuliza nasahihisha nini wakati hakuna kosa, nikalichukua jibu lake kwa furaha kama ruhusa. Ningeweza kuitumia safu hii hii, ambayo hakuna anayenipangia cha kuandika. Sikuitumia. Niliona aibu kuwaambia kwamba sikuwa nimeelewa nilichoandika, au kibaya zaidi, kwamba nilielewa. Yeye akarudi vijijini kueleza kwa mdomo ile nusu niliyoikata. Nyumba nyingi zilizompa mate hazikumfungulia tena. Kiegei mama mmoja alimwagia maji ya kuoshea vyombo mlangoni, miguuni pake, akamwambia aondoke na balaa lake. Mwaka uliofuata nikaanza kumwona amevaa mikono mirefu kwenye jua la Oktoba. Nilielewa. Sikumuuliza.

Jumanne hiyo ya simu nilifika Nambilanje kabla ya adhuhuri. Sisi wanaume tulikaa nje, wanawake wakaingia na maji na kafuri kumwosha marehemu. Hazikupita dakika kumi, waoshaji wawili wakatoka wakijifuta mikono kwenye khanga. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mgongo wote umejaa. Sisi hatuna glavu." Mtu akatumwa kwa pikipiki kutafuta duka la dawa. Tukakaa. Watu wakaanza kuzungumza bei ya ufuta. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuthibitisha kwamba ngozi ile haimdhuru mtu alikuwa amelazwa nusu ameoshwa, akisubiri glavu, na waliomkimbia walikuwa wamewahi kumtemea mate kwenye kichupa na kusikia kutoka mdomoni mwake kwamba hauambukizi. Ndipo yule binti aliyeachwa akainuka kutoka jikoni, akakunja mikono ya gauni lake hadi juu ya viwiko, akapita katikati yetu na kuingia. Akamwosha mama yake mdogo kwa mikono mitupu, yeye na mama yake tu. Kwa miaka minne binti na marehemu hawakusemeshana, na hawakuwahi kupatana. Pikipiki iliporudi na glavu, maiti ilikuwa imeshavishwa sanda.

Baada ya mazishi nilimfuata binti huyo kumwomba radhi. Alinipa shikamoo kwa adabu, akaniacha niseme hadi nikamaliza.

"Yule kijana wa Kiegei ameshaoa," akasema. "Huko alikooa hakuna aliyewatemesha mate, kwa hiyo ni wasafi."

Nikamuuliza kama anaruhusu niandike, na niandike nini kuhusu ngozi ya marehemu.

"Andika alikuwa nayo. Andika nani walitoka nje. Mimi hainisaidii kitu tena, mzee."

Nimeandika, bila majina. Wasomaji wangu, ugonjwa huo hauambukizi kwa kugusa, kula pamoja wala kuosha maiti. Vinasaba vyake vimo katika koo nyingi, huenda na ukoo wako. Wengi walio navyo hawaugui kamwe. Sentensi tatu. Zingeenea kwenye habari yangu ya kwanza bila kuondoa hata moja nyingine. Sisi tunaobeba maneno ya wataalamu kwenda kwa watu hupenda kusema kwamba kazi yetu ni kutosema uongo. Mimi sikusema uongo, na kwa ukweli wangu binti alikosa ndoa, familia ikavunjika, na mtafiti akafa peke yake katika chumba cha kupanga. Nimejifunza haya baada ya yeye kuzikwa, wakati hayawezi tena kumfaa.