Mayai ya Titodi Juu ya Tuta

Nilipokuwa mtoto, Dadi alinitoa Mombasa akanipeleka kwao India nikale matikiti, nami nikarudi nikimwogopa ndege mmoja mwenye miguu ya manjano kuliko nilivyomwogopa mwalimu wa hesabu. Wenzangu husafiri wakarudi na hekima. Mimi nimepikia watu wa meli sehemu kubwa ya umri wangu, nimeshuka bandari nyingi, na kila mara nimerudi na tumbo tu. Lakini safari ile ya kwanza ilinipa kitu, ingawa ilinichukua miaka kukitambua.

Dadi alikuwa mamake baba. Aliletwa Mombasa akiwa bibi arusi, akaingia nyumba yetu ya Mji wa Kale, na Kiswahili chake kikawa cha pale pale, kikali, cha kumfanya muuza samaki apunguze bei huku akiomba radhi. Kwao lakini hakukusahau. Likizo moja ya Aprili akamwambia baba, "Nataka nimuone ndugu yangu kabla sijafa." Aliishi miaka mingi sana baada ya hapo, lakini tiketi zilikuwa zishakatwa. Tulipofika, akakataa kurudi mapema. Shule ikafunguliwa bila mimi, na wala hatukutafutana.

Kwao ni wilaya ya wakulima, tambarare tupu, mto mpana katikati. Mimi mtoto wa kisiwani nilidhani mambo ya maji nayajua. Siku ya kwanza nikauliza, "Mto wenyewe uko wapi?" Iqbal, mjukuu wa ndugu yake Dadi, alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimesimama ndani yake.

Kiangazi mto ule hupungua ukabaki mkondo mwembamba upande mmoja, kwengine kote mchanga. Hapo watu wa kijiji huteremka na vibanda vya nyasi, wakachimba mashimo mpaka wafikie unyevu, wakatia samadi, wakapanda matikiti katikati ya mto. Hulala huko huko kuyalinda na mbweha. Matikiti ya mwisho ndiyo matamu na ndiyo yenye bei, ndiyo yanayowalisha miezi ya mvua. Kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuhama. Na mto nao hurudi siku upendayo.

"Sasa mwajuaje siku ya kuondoka?" nilimuuliza Babu Kasam, yule ndugu mdogo wa Dadi, mwenye masharubu ya kutisha na moyo wa maziwa.

"Titodi hutuambia," akanijibu, kama mtu anayetaja saa.

Titodi ni yule ndege wa miguu ya manjano, mpiga kelele, anayetaga chini pasipo hata kiota. Akitaga mchangani, mvua ziko mbali, kaa ule matikiti yako. Akitaga juu ya tuta, lile tuta kubwa la udongo linalotenga mto na kijiji, funga mizigo. Akitaga juu ya paa la nyumba, funga mizigo na utubu.

Mwaka ule alitaga mchangani, tena katikati ya mistari ya Babu Kasam mwenyewe. Mzee akajigamba utadhani kataga yeye. Akasimamisha vijiti kuyazunguka yale mayai, majirani wakawa wanakuja kuyatazama na kurudi roho zimetulia.

Mimi nilikuwa na mambo yangu. Iqbal alinionyesha namna ya kuchora jina kwa mwiba juu ya tikiti changa, likikua nalo jina likue. Niliandika ANWAR kwa herufi za kisisimizi. Kila asubuhi nilikwenda kulijulia hali kama mgonjwa wa hospitali, na kila asubuhi jina langu limenenepa. Mwenyewe nilifuata baadaye.

Kisha mbwa akayala yale mayai. Titodi alilia kutwa, akaruka, akatoweka. Babu Kasam aling'oa vijiti vyake.

Siku kadhaa zikapita. Mchana mmoja nikapanda tutani kwa haja ambayo wasomaji wangu watu wazima hawahitaji kuelezwa, ndipo ndege akanishukia kichwani kwa makelele. Niliteremka mbio, suruali mkononi.

"Dadi! Yule ndege ataka kunitoa mato!"

"Wapi?"

"Kule juu ya tuta!"

Iqbal aligaagaa kwa kicheko. Dadi hakucheka. Alishika bakora yake akapanda polepole, akainama akatazama, akateremka moja kwa moja mpaka kibandani kwa ndugu yake.

"Kasam, titodi ametaga juu."

"Dada, alishataga chini. La kwanza ndilo neno lake."

"La kwanza limeliwa."

"Haya, basi kahama kwa sababu ya mbwa, si kwa sababu ya mto! Hata mimi ningekuwa ndege ningehama."

Nikaona mzee anasema kweli. Isitoshe, tikiti langu lilitaka siku chache tu. "Babu asema kweli, Dadi."

"Weye nyamaa, funga suruali yako."

Akaanza kukunja godoro lake. Babu Kasam akamuuliza anakwenda wapi.

"Kijijini. Nitalala barazani."

"Nyumba imefungwa, Dada. Hakuna mtu."

"Nitalala peke yangu. Wakiniuliza ndugu yangu yuko wapi, nitawaambia yuko na matikiti."

Hapo alikuwa amemmaliza. Dada mkubwa, mgeni aliyevuka bahari, alale barazani pekee na ndugu yake yu hai? Kijiji kingelisema hilo mpaka wajukuu waoe. Babu Kasam akamlaani ndege, akamlaani mbwa, akailaani ndege nyingine iliyotuleta kutoka Nairobi, kisha akafunga maksai. Kabla ya magharibi tulikuwa tunapanda tuta: magodoro, masufuria, watoto juu ya mizigo, nyati wa maziwa amefungwa nyuma. Majirani, kuona gari la Kasam limepakiwa, wakaanza na wao kung'oa vyombo huku wakimtukana. Vibanda vyake alikataa kuvivunja. "Asubuhi narudi," alisema. Mimi nililia njia nzima kwa ajili ya jina langu.

Asubuhi maksai walikuwa tayari. Dadi akasema chai kwanza. Mzee aliinywa amesimama, amekasirika, ikamuunguza, akazidi kukasirika. Iqbal na mimi tukafuatana naye.

Tulipofika juu ya tuta mbingu ilikuwa safi. Tone halikuwa limeanguka. Kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa, kisha mvumo kama wa malori mengi yakipita Makupa kwa pamoja. Halafu maji yakaja kutoka kwenye kona, ya rangi ya chai ya maziwa, povu na nyasi mbele. Mvua ilinyesha juu huko mbali, hata hatukuisikia. Maji yale hayakupiga kama bahari. Yalikuja tu, na hayakusimama. Vibanda viliinuka kama watu wanaoamka usingizini, vikaondoka. Matikiti yakaelea kama vichwa vya waogeleaji. Nikalitafuta langu. Mkono wa Babu Kasam ulikuwa umenishika ukosi wa shati, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

Nyumbani tulimkuta Dadi anachambua mchele.

"Matikiti yamekwenda?"

"Yamekwenda yote."

Mzee aliegemeza fimbo ya maksai ukutani. "Dada, yule ndege wako..."

"Si wangu. Mpe mtoto chai."

Babu Kasam akaketi kando yake, akavuta sinia, akaanza naye kuchambua mchele, kazi ambayo sikuwahi kuona mwanamume wa nyumba ile akiifanya.

Kisa hiki nimekisimulia jikoni mwa meli nyingi, ndege akiwa ndiye shujaa, na mwisho wake huwa natania kwamba jina langu lilifika Kilindini kabla yangu. Kisha nikaja likizo moja, Dadi keshakuwa mzee wa kitandani. Nilikuwa namkoroga chai aliposema, kama aliyekuwa akilifikiria jambo hilo siku zote:

"Yule ndege alihama sababu ya mbwa. Kasam alisema kweli."

"Basi wewe ulijuaje?"

"Sikujua. Niliogopa tu."

Akanieleza jambo ambalo hata baba hakulijua. Dadi mwenyewe alikuwa na dada mkubwa. Jioni moja, mchangani pale pale, dada yule alisema anaogopa, warudi kijijini. Baba yao akamuuliza: tuache matikiti kwa sababu gani? Hakuwa na sababu. Mto ulikuja ukamchukua.

"Yeye hakuwa na la kusema," Dadi akasema. "Mimi Mungu alinipa ndege."

Siku hizi kuna bwawa huko juu, na Iqbal hupata onyo kwa simu kabla maji hayajafunguliwa. Hata hivyo kila mwaka hunitumia picha ya mayai, na chini yake huniuliza kama suruali nimefunga.

Mimi nimetulia Ganjoni sasa. Juzi tulikuwa tuvuke Likoni kwenda arusini. Nishavaa kanzu, nishajipaka uturi, mke wangu akasimama mlangoni.

"Anwar, leo moyo wangu hautaki."

Zamani ningemuuliza kwa nini, tena ningemdai anipe na mifano. Nilivua viatu nikateleka maji ya chai. Hakuna lililotokea siku ile. Kivuko kilivuka salama, waliokwenda walirudi, na biriani ya arusi ile naisikia ikisifiwa mpaka leo.