Jina la Mjomba Mbele ya Mawakili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoulizwa swali dogo ambalo jibu lake limenifuata mpaka uzeeni. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Lakini juzi ulipanda kutoka Mkomaindo, kule Masasi, kuja hapa Newala, ukanionyesha kwenye simu yako maombi ya nafasi ya mafunzo katika kampuni ya mawakili wa biashara. Nikasoma. Barua yako ni nzuri, ingawa umejisifu mno kwa mtu ambaye bado anaogopa mbwa wangu. Tukafika mahali wanapouliza kama una ndugu mwenye mgogoro na mteja wao yeyote. Ukaniambia, "Babu, mama mkubwa ana kesi na wale wenye ghala, nao ni wateja wao. Lakini mama mkubwa naye anahesabiwa?"

Nilisema nimechoka, ukaondoka. Jibu langu ni hili, nalo ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

Nilikuwa na umri kama wako, nasoma sheria, na nilikuwa natamani kazi ya mikataba na makampuni kuliko nilivyotamani kuoa. Wenzangu wengi walitaka kuwa mahakimu. Mimi nilikuwa nimewaona wanunuzi wa korosho wakija huku kwetu na karatasi ambazo wazee wetu waliziwekea dole gumba bila kujua wameandikiwa nini, na nilitaka kuwa mtu anayejua. Nikaandika kuomba nafasi kwenye kampuni kubwa ya mawakili mjini Dar es Salaam. Wakanijibu niende kwenye usaili. Nyumbani tulishangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi.

Asiyeshangilia ni Mjomba Hamisi, kaka yake mama. Aliishika barua ile akaitazama juu, penye jina la kampuni, akanirudishia. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na kikundi chake kilikuwa kimemshtaki mnunuzi aliyebeba korosho zao kisha akadai zimeoza njiani. Mawakili wa mnunuzi yule walikuwa ndio hao hao walioniita.

Unajua mjomba ni nani kwetu, lakini nyie wa siku hizi mnajua nusu nusu. Baba yangu alikuwa mtu mwema, akalima, akatulisha. Lakini aliyenipeleka jandoni ni mjomba. Aliyekwenda kusema shuleni nilipofukuzwa ni mjomba. Aliyeuza baiskeli yake ili nivae viatu vya kuendea shule ya Chidya ni mjomba, na tangu hapo akawa anatembea kwa miguu kwenda shambani. Mtu akiniuliza mimi ni wa nani, nilikuwa nataja jina lake kwanza.

Jioni ile akaniita nyuma ya nyumba.

"Watakuuliza," akaniambia. "Usinitaje."

"Nitawadanganyaje, mjomba?"

"Hudanganyi. Kwa wenzetu wa huko, ndugu ni baba, ni mama, ni kaka na dada. Baba yako ana kesi? Hana. Basi wewe sema hapana, upate kazi yako. Mimi kesi yangu nitaimaliza mwenyewe."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililonitesa. Laiti angeniomba nimsaidie, ningejua la kufanya. Lakini yeye alikuwa ananipa ruhusa ya kumfuta, na moyo wangu, nitakwambia kweli, ulifurahi kuipokea.

Mama alikuwa ametusikia. Mama hakuwahi kumpinga kaka yake mbele za watu, na hata siku ile hakumpinga. Alisubiri mjomba aondoke. Mvua zilikuwa zimechelewa, kisima chetu cha maji ya paa kilikuwa kimebaki tope, naye alikuwa akichota maji ya pipa kwa kikombe, polepole, asimwage. Hakunitazama.

"Siku unakwenda jandoni," akasema, "baba yako alikaa pembeni kama mgeni. Aliyekaa na wewe ni huyu. Kama yeye si ndugu yako, basi na mimi sijui nilikuzaa ukoo gani."

Akajaza sufuria yake akaingia ndani. Hayo tu. Nimewahi kugombezwa na majaji, mwanangu, lakini hakuna aliyeniumiza hivyo.

Nikasafiri. Barabara ya miaka ile usiniulize, na pale kivukoni Rufiji tulilala tukisubiri. Nilifika Dar es Salaam na vumbi mpaka masikioni, nikaoga kwa rafiki, nikavaa shati la kuazima. Aliyenisaili alikuwa mama mmoja wakili, mtu mzima, mpole, aliyesoma barua yangu kweli. Tuliongea juu ya mikataba, juu ya mauzo, juu ya mzigo unaoharibika njiani na nani anabeba hasara. Alikuwa anatabasamu. Niliona kabisa kuwa nafasi ni yangu. Ndipo akauliza, karibu kama mtu anayetimiza desturi tu, kama nina ndugu mwenye kesi na wateja wao.

Nikasema, "Ninaye. Mjomba wangu, Hamisi wa Newala, wa kikundi cha korosho."

Akaweka kalamu chini. Nadhani alinionea huruma, maana alinifungulia mlango wa kuponea. "Mjomba," akasema. "Kwa hiyo si wa familia yako ya karibu."

Hapo nilikuwa nahitaji neno moja tu. Ningesema "ndiyo, mama," na yule mama angeandika alichoandika, na mimi ningekuwa na meza yangu kwenye jengo lile.

"Ni wa karibu kuliko wote," nikasema.

Akanishukuru kwa adabu. Akaniambia ofisi yake haiwezi kunichukua, na kwamba nimefanya sawasawa kusema. Nilishuka ngazi nikilia, mtu mzima mwenye shati la kuazima.

Nilipomweleza mjomba, alikasirika. "Nilikwambia usinitaje!" Akanyanyuka, akaenda shambani kwake, na hatukulizungumza tena. Kesi yake ilikwisha kwa suluhu, wala haikuwa suluhu nzuri sana. Mimi nilijifunza kazi kwa wakili mmoja wa Masasi, kwenye chumba kilichokuwa kinavuja, nikashughulika na mipaka ya mashamba na talaka. Mikataba ya makampuni niliifikia, lakini nilizunguka njia ndefu, na ipo miaka niliyojiuliza kama sikuwa mjinga. Sikufichi hilo.

Kisha mjomba akafariki. Siku wazee walipokaa kuamua nani arithi jina lake na kusimama mahali pake, nilikaa nyuma, maana tulikuwa wapwa wengi, na mkubwa wetu alikuwepo. Mjane wake ndiye aliyesema. Akasema marehemu alikwisha kumwachia neno hilo zamani.

"Alisema apewe yule aliyemtaja kwa mawakili."

Ndiyo maana hapa Newala wazee wakiniita Hamisi, mimi huitika.

Sasa basi, mwanangu, sikia ninachokuusia. Barua yako ipunguze majigambo. Ijue kampuni unayoiomba, inamtetea nani na inaishi kwa kazi gani, usitume maneno yale yale kila mlango. Kwa usaili ujiandae, uwahi, ule kwanza. Lakini pale wanapouliza ndugu, mwandike mama yako mkubwa, jina lake kamili. Usimpime kwa kipimo cha wanaouliza, mpime kwa aliyokutendea. Huenda wakakuchukua hivyo hivyo wakakuweka mbali na faili lile, siku hizi ofisi zinajua kufanya hivyo. Huenda wasikuchukue, na utalia ngazini kama mimi. Nafasi nyingine utaomba. Kazi hii ni ya kutunza siri na kuaminiwa, na wewe uliyelelewa na mama mkubwa yule usiianze kwa kusema humjui.

Mungu akufungulie mlango ulio wako, mwanangu. Akupe ulimi usiotetemeka ukiulizwa wewe ni wa nani, na siku ukiondoka duniani, awepo wa kuitika jina lako.