Anawapeleka Wengine Mbuguta, Mkewe Hajawahi Kufika

Jiji la Dodoma bado limejifunika shuka, lakini jikoni kwa Zablon Ndahani, mtaani Chang'ombe, taa inawaka. Kuku ameshaiva, wali unajikausha juu ya mkaa, na nje gari lake aina ya Noah limeoshwa hadi kwenye matairi. Anaonja mchuzi, anaongeza chumvi, anaonja tena. Anasimama na kijiko mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

"Hapa ndipo ninapomkumbuka mama watoto," anasema, akipakia chakula kwenye hotpoti mbili. "Chumvi ni kitu cha kuulizana. Peke yako huwezi kujua kama imekolea."

Zablon, mwenye umri wa miaka 59, ni dereva na mwongoza wageni. Kazi yake ni kuwachukua watu nyumbani kwao asubuhi, kuwapeleka kwenye maporomoko ya Mbuguta, milimani ng'ambo ya Gulwe wilayani Mpwapwa, na kuwarudisha jioni. Hachanganyi wageni wasiojuana. Aliyekodi gari, siku hiyo ni yake.

Kuuza safari ya namna hiyo Dodoma kunahitaji moyo. Hii ni nchi kavu, na mtu akiambiwa kuna maji yanayoruka kutoka mlimani, kitu cha kwanza anachofikiria ni kwamba anatapeliwa. Ndiyo maana Zablon huanza na picha kwenye simu, ndipo anataja bei, ambayo ni shilingi laki mbili na nusu kwa gari zima, chakula ndani yake. Ukitoa mafuta na ushuru wa kijiji, kinachobaki kinamtosha mtu anayeishi peke yake.

Kwa sasa Zablon anaishi peke yake.

Maji ya Mbuguta ni ya msimu. Yanaanza kushuka kwa nguvu Januari, na ikifika mwezi wa tano yamebaki uzi mwembamba unaolowesha jiwe tu. Msimu ukiisha, Zablon hung'oa viti vya nyuma na kubeba zabibu kutoka Makutupora kuzileta sokoni. "Zabibu hazina mazungumzo," anasema na kucheka, kisha anaacha kucheka.

Leo wageni wake ni Abdulkadiri Jamaldini, mfanyabiashara wa vitambaa hapo mjini, na mkewe Salwa. Ndoa yao ina miezi mitatu, na inaonekana.

"Shikamoo baba," anasema Salwa akiingia garini.

"Marahaba mwanangu. Karibuni, jisikieni mko kwenu."

Wanakaa nyuma, wote wawili, ingawa kiti cha mbele kina nafasi na upepo mzuri. Wageni wake karibu wote hukaa nyuma. Kwenye kiti cha mbele hukaa zile hotpoti, zikiwa zimefungwa mkanda, kwa sababu barabara ya milimani ina makorongo na mchuzi hauna adabu.

Zablon anasema wageni wako wa aina mbili: wanaotaka simulizi na wanaotaka dereva awe kama hayupo. Huchukua muda mfupi kuwatambua. Wakifika Kongwa anawaonyesha yalikokuwa mashamba ya karanga ya Waingereza, karanga ambazo ziligoma kuota kama wazungu walivyopanga. Salwa anaitikia "kumbe!" kwa heshima, huku kiganja chake kikiwa ndani ya kiganja cha mumewe. Zablon anaelewa. Hawa ni aina ya pili. Kuanzia hapo hadi Gulwe, hadi kijiji cha mwisho chini ya mlima, anaendesha bila neno.

Njia ya kwenda kwenye maji imefungwa mnyororo. Pembeni yake, kwenye kibanda cha nyasi, anakaa Anna Chidosa, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani na ulimi usiopumzika, aliyewekwa hapo na serikali ya kijiji. Anauza karanga za kukaanga na anasimamia sheria.

Sheria yenyewe ni moja: hakuna anayeshuka Mbuguta peke yake. Iliwekwa baada ya kijana mmoja mchunga ng'ombe kushuka peke yake na kuteleza, na pasiwepo wa kupiga kelele. Wenyeji wana maelezo yao pia. Wanasema maji yale hayamtaki mtu wa peke yake. Kwa sababu yoyote ile, Anna hafungui mnyororo kwa mtu mmoja, awe mkulima, mchungaji wa kanisa au ofisa kutoka mjini.

"Mbukwenyi!" anawasalimu kwa Kigogo. "Leo mko wangapi?"

"Wawili," anajibu Zablon.

Anna anacheka. Huwa hivyo kila safari. Wakiwa watatu yeye husema wawili, wakiwa sita husema watano. Mwaka jana alimleta Sostenes, mfanyakazi wa benki aliyetaka kuwa na siku yake ya utulivu, na alipoulizwa wako wangapi, Zablon akajibu bila kufikiri, "Mmoja."

"Nikamwambia basi rudini mlikotoka," anasimulia Anna. "Akaanza kunibembeleza, dada Anna tumetoka mbali, dada Anna muonee huruma mgeni. Nikamuuliza, na wewe uliyeshika usukani ni mzimu? Ndipo akajigusa kifua, akashtuka. Hakuwa amejihesabu!"

Zablon naye anacheka na wenzake, lakini baadaye, akiwa ameegemea gari, anakiri kwamba kicheko kile kilimchoma. "Miaka yote nawahesabu watu wasinipotee. Sikujua kwamba aliyepotea ni mimi."

Chini, Mbuguta inaunguruma. Maji yanatoka juu kabisa kwenye mwamba mweusi, yanagonga ukingo katikati na kufunguka kama kanga iliyokung'utwa. Salwa anapiga yowe la furaha. Zablon anapokea simu yao na kuanza kazi ambayo hakuna aliyemfundisha.

"Sogea kulia, bwana. Mshike bega, usimshike kama unamkamata. Haya, sasa mwangaliane, mniache mimi."

Akimaliza picha, anatandika mkeka, anapakua chakula, kisha anaondoka. Anakwenda nyuma ya jiwe kubwa na kukaa akiwapa mgongo wageni, na hivyo kuyapa mgongo maji pia. Ndivyo anavyofanya kazi. Wenzake wengine hukaa karibu na wageni wakisubiri kutumwa, yeye hapana.

"Ukiwatazama hawacheki," anasema. "Mtu analipa apate siku na mwenzake. Mimi nasikiliza tu kama kuna aliyeteleza."

Kwa hiyo mtu aliyefika Mbuguta mara nyingi kuliko wote Dodoma, muda mwingi akiwa pale hutazama ukuta wa jiwe.

Mkewe, Violeth, hajafika hata mara moja. Wakati Zablon anaanza kazi hii, Violeth alikuwa na genge la mbogamboga, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Wakawa wanasema msimu ujao. Kisha binti yao pekee, Jenifa, aliyeolewa Dar es Salaam, akajifungua, na mama akaenda kumsaidia kulea. Alibeba begi dogo. Ilikuwa iwe miezi mitatu.

Mtoto alipoanza kutembea, Jenifa akapata mimba ya pili. Huyo wa pili akazaliwa mdogo mno, mgonjwa mgonjwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia bibi arudi nyumbani. Sasa ni mwaka wa nne. Hakuna aliyegombana na mtu. Hakuna kikao cha ukoo kilichoitwa. Kila jioni wanapigiana simu, anaulizwa kama amekula, anajibu amekula, na wajukuu wanapewa simu wamwambie "babu" kabla hawajakimbia.

"Watu wakiachana, majirani wanakuja kukupa pole," anasema Zablon. "Mimi nani atanipa pole? Mke ninaye. Wanasema una bahati, mkeo analea wajukuu."

Anajua kupika sasa, ila hajui kupika chakula cha mtu mmoja. Kinachobaki kwa wageni ndicho chakula chake cha jioni, na wakati mwingine cha kesho yake. Lakini kinachomtisha si chakula.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda. Siku hizi naamka nimelala katikati," anasema taratibu. "Nikaanza kuogopa. Kama mimi nimezoea, na yeye je?"

Ndiyo maana mwaka huu aliamua kwamba msimu hautaisha Violeth hajaiona Mbuguta. Walikubaliana Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, maji yakiwa bado na nguvu. Violeth angepanda treni ya umeme Ijumaa. Zablon akawakatalia wageni wawili waliotaka siku hiyo, akanunua jogoo mzima, akafua mapazia ambayo hayakuwa yamefuliwa tangu mwenyewe aondoke.

Ijumaa mchana simu ikaita. Mjukuu mdogo alikuwa na homa.

"Nilimwambia hamna neno," anasema. "Nikamwambia mara mbili, ili aamini. Halafu nikakaa kwenye kochi na kiatu kimoja mguuni, sijui hata nilikuwa nakivaa au nakivua."

Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Kesho yake alimpika, akafunga hotpoti mkanda, akawasha gari na kwenda Mbuguta. Hawezi kueleza kwa nini. Anasema mikono ilizoea Jumamosi.

Pale kwenye mnyororo, Anna akachungulia ndani ya gari, akatazama na nyuma.

"Mko wangapi leo?"

"Niko mimi."

Anna hakucheka. Alijua nani alitegemewa kuja, kwani Zablon alikuwa amemtangazia tangu mwezi wa pili, hata akamwomba siku hiyo afagie njia. Njia ilikuwa imefagiwa.

"Kaka Zablon, unaijua sheria."

"Naijua."

Akashusha chakula. Wakala wawili pale juu, mlangoni pa kibanda, huku maji yakisikika chini bila kuonekana. Anna akala kijiko cha kwanza, akatafuna, akasema chumvi imezidi. Zablon anasema nusura alie, mtu mzima, kwa sababu ya neno hilo.

Walipokuwa wanaguguna mifupa, Anna akauliza kama mtu anayeuliza bei ya karanga, "Hivi wale wageni wako huwa wanakuja wenyewe hapo kwako?"

"Hapana. Nawafuata mlangoni kwao."

"Wote?"

"Wote."

"Na mkeo umemfuata lini?"

Zablon alitaka kujibu kwamba alimtumia nauli. Alitaka kusema kwamba amempigia simu kila jioni, kwamba hajamkosea kitu. Yote yalikuwa ya kweli. Lakini hakuwahi kupanda gari kwenda Dar es Salaam kumwambia mkewe, nimekuja kukuchukua. Miaka minne alikuwa amekaa Chang'ombe akingoja arudi mwenyewe, na yeye ndiye mtu anayelipwa kwa kuwafuata watu.

"Niliona aibu," anasema. "Nilidhani nampa uhuru. Kumbe inawezekana yeye alikuwa anaona sijali."

Alipofika Gulwe, ambako simu hukamata mtandao vizuri, aliegesha gari kando ya reli, akampigia Jenifa kwanza, kisha mkewe.

"Mama Jeni, Alhamisi nakuja kukuchukua."

"Kunichukua wapi, Baba Jeni? Na watoto?"

"Homa itakuwa imeshapoa. Nimeshaongea na Jenifa, atatafuta dada wa kumsaidia. Njoo wiki moja. Ukitaka kurudi, nitakurudisha mwenyewe."

Alisikia mtoto akilia kwa mbali, na katuni kwenye televisheni.

"Kwani huko kwenye maji," akasema Violeth, "mtu anavaa viatu gani?"

Miaka yote Zablon amemsimulia mkewe habari za Mbuguta, maji yanavyoanguka, wageni wanavyopiga yowe, na Violeth amekuwa akiitikia tu huku akifanya lake. Hajawahi kumuuliza swali hata moja.

Tiketi ya Alhamisi ameshakata. Hajui kama mkewe atakaa wiki moja, au atakaa kabisa, au kama mtoto atapandwa tena na homa waanze upya. Anachojua ni kwamba maji yana wiki nne za kushuka vizuri, na safari hii hatakaa nyuma ya jiwe.

Jana jioni alipita soko la Majengo akanunua raba za bluu, zenye soli ya kukamata. Ziko mezani sebuleni, bado zina karatasi ndani. Anaichukua moja, anaigeuza, anaibonyeza kwa kidole gumba.

"Namba thelathini na nane," anasema. "Zamani ndiyo ilikuwa inamtosha."