Pakiti za Mama Ghanima

Elvire wa Musaga, mtaa wa Bujumbura, alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: kuhesabu. Alihesabu ngazi za kanisa, vifungo vya koti la padri, hata mabomu yalipolia upande wa milimani aliyahesabu, na asubuhi akabishana na redio. Mama yake, Concilie, alikuwa akimwambia, "We mutoto, ungehesabu vitu vichache kidogo, ungekuwa umeshaolewa."

Tabia hiyo aliirithi kwa baba, fundi wa simu aliyefariki vita vilipoanza. Chuo kikuu kilifungwa na kufunguliwa mpaka wanafunzi wakasahau wako mwaka wa ngapi. Elvire akajifunza kuandika programu kwa kitabu cha Kifaransa kilichotolewa fotokopi, tena chenye kurasa zilizopotea. Zilizopotea alizikisia. Yampayinka, kama wanavyoshangaa Warundi, msichana huyo alikuwa na kichwa!

Ndicho kichwa alichokiajiri Patroni Pierre, mtu wa Kinanira aliyekuwa na dishi juu ya paa katikati ya mji na kampuni ndogo ya kuuza intaneti. Wateja kumi na wawili walinywa kwenye laini ile moja, na kila mmoja mkataba wake ulisema asipitishe megabaiti arobaini kwa siku. Kila Jumatatu saa nne wateja walikuja ofisini kutoa malalamiko, na Pierre akawapa chai. Alikuwa mkarimu wa chai, hilo tusimnyime.

Mwaka 2003 laini ikaanza kulegea. Barua pepe moja ilichukua nusu saa kufunguka. Pierre hakuhitaji kuchunguza. Jibu alikuwa nalo mfukoni.

"Ni yule mama Mwarabu. Kompyuta sita, watu wanajaa toka asubuhi. Nani mwingine?"

Mama mwenyewe alikuwa Ruqaya, mjane wa marehemu Amur, mwenye duka la intaneti kule mtaa wa Waasia. Watu walimwita Mama Ghanima, kwa jina la binti yake. Alizaliwa Bujumbura, na mama yake pia, lakini kwa Pierre alikuwa "mama Mwarabu" tu. Pale dukani watu walisoma barua za ndugu waliotawanyika: Kigoma kambini, Brussels, Kanada. Asiyejua kusoma alisomewa na Ruqaya mwenyewe, na kama habari ni ya msiba, alifunga mlango kwanza. Duka lile ndilo lililomlisha, na lilisimama juu ya kitu kimoja: watu walimwamini.

"Patroni, tusikisie," Elvire akasema. "Nitapima."

Alikuwa na programu ya bure ya kuchungulia mtandao, ile inayokamata kila pakiti, yaani kila kifurushi cha data, inayopita kwenye waya na kukuonyesha imetoka wapi, inaenda wapi. Lakini haikuwa na jedwali alilolitaka yeye, la kila mteja na uzito wake kwa siku. Alipaswa kujiandikia. Na uandishi wenyewe una namna yake: wewe huiendeshi ile programu, ni yenyewe inayokuita. Ni kama zahanati. Unaacha kadi yako dirishani, unakaa, na zamu ikifika wanaita jina. Elvire aliacha majina matatu. La kwanza liitwe kila pakiti inapopita, liongeze hesabu. La pili liitwe kuchora jedwali. La tatu liitwe kila mtu anapotaka kuangalia upya, lifute hesabu ya zamani kabla ya kuanza nyingine.

La kwanza na la pili aliyamaliza Ijumaa, akapiga makofi peke yake ofisini kama mwendawazimu. Alipofika la tatu, ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Siku zile basi la mwisho la Musaga liliondoka saa kumi na moja, kwa sababu askari walifunga njia, na ukibaki mjini umebaki. Elvire akaweka mabano mawili matupu, bila amri yoyote ndani, akaandika pembeni "nitarudi hapa", akakimbia. Programu haikulalamika. Iliitwa kufuta, ikafuta hewa.

Jumatatu alisahau. Ndiyo, alisahau, kwa sababu alikuwa na hamu ya kusifiwa! Wateja walikuwa wameshakaa na chai yao, akiwemo Massoudi, mfanyabiashara wa vitenge mwenye sauti ya kusikika mpaka sokoni. Elvire akafungua faili ya pakiti alizozikamata Alhamisi iliyopita, akaita mteja mmoja mmoja. Massoudi: megabaiti thelathini na moja. Sawa. Shirika moja la wazungu: thelathini na tisa. Sawa. Wote waliangaliwa mara moja, kwa maana hakuna aliyewashuku.

Akaita anwani ya Ruqaya. Thelathini na nane.

"Haiwezekani," Pierre akasema. "Angalia tena."

Elvire akabonyeza tena. Sabini na sita.

"Unaona! Tena!"

Mia moja na kumi na nne.

"Iko inapanda!" Massoudi akaruka, chai ikamwagika. "Hata sasa hivi anakula tu! Mwizi yule!"

Kuna kitu kilimgusa Elvire moyoni. Faili ya Alhamisi inapandaje Jumatatu? Lakini Pierre alikuwa ameshamshika bega mbele ya watu akisema, "Huyu binti ni ingénieur, mnasikia?" Hakuna aliyewahi kumwita mhandisi. Akaifunga faili pamoja na swali lake.

Mchana huo huo laini ya Ruqaya ilikatwa, naye akapelekewa barua iliyoandikwa wazi "wizi". Kufika Jumatano mji mzima ulijua. Wateja wa dukani wakaanza kujiuliza kama mwanamke anayeiba intaneti haibi na barua zao. Na laini? Ilipona. Bila shaka ilipona: mtoe mmoja mezani uone kama sahani hazitoshi. Pierre akatembea ofisini akipiga mluzi.

Alhamisi Elvire, kwa kucheza tu, akaita anwani ya kompyuta yake mwenyewe. Tisa. Akabonyeza tena. Kumi na nane. Akafungua alichoandika, akayakuta mabano mawili yakimngoja, na neno lake pembeni: nitarudi hapa.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemwua mama wa watu."

Alimweleza Pierre yote, bila kujitetea. Pierre akasikiliza, akafunga mlango.

"Elvire. Laini inaenda vizuri?"

"Inaenda, patroni."

"Wateja wanalalamika?"

"Apana."

"Basi acha. Sikia vizuri: ukimwambia yule mama, Jumatatu usikuje hapa."

Usiku ule Concilie aliona sahani ya mwanawe haijaguswa, akauliza, akaambiwa. Mshahara wa Elvire ndio uliokuwa ugali wa nyumba ile, wote wawili walijua. Concilie akasema, "Na mi kama ningekuwa ni yule mama?" Akaondoa sahani.

Jumamosi Elvire alikwenda mtaa wa Waasia. Dukani kompyuta sita zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Ruqaya alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia juu ya meza.

"Mliniangalia mara ngapi, binti?"

"Mara tatu, Mama Ghanima."

"Na wengine?"

"Mara moja moja."

Ruqaya akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Samahani yako nimeisikia. Lakini we hukuniita mwizi chumbani, wallahi. Uliniita mbele ya watu. Jumatatu twende wote."

Jumatatu saa nne waliingia pamoja. Pierre akasimama, uso umembadilika.

"Elvire, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisikuje tena, patroni. Nimekuja kuchukua vyangu. Kimoja kiko ndani ya mashine." Akakaa mbele ya kompyuta kabla hajazuiwa. "Baba Massoudi, naomba jina lako."

"Langu? Chukua, mi naogopa nini!"

Akafungua upya programu ile ile mbovu, na faili ile ile. Akabonyeza. Thelathini na moja.

"Si mnaona?" Massoudi akasema.

Akabonyeza tena. Sitini na mbili. Tena. Tisini na tatu.

"We!" Massoudi akasimama, chai ikamwagika mara ya pili. "Mi? Mi nimekaa hapa na kikombe! Mashine hiyo iko inasema uongo!"

"Mashine haina neno, baba. Ni mi niliyeiandika vibaya: haifuti hesabu ya kwanza, inajumlisha juu yake. Yeyote akiangaliwa mara tatu, anakuwa mwizi."

Massoudi alikaa taratibu, akitazama kikombe chake. Pierre alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Ruqaya alikuwa bado amesimama mlangoni. Akavuta kiti, akakiweka katikati ya chumba, pale ambapo kila mtu angemwona, akaketi.

"Haya, binti," akasema. "Sasa niangalie mimi. Mara moja, kama wengine."