Ufagio wa Wiki Mbili

Duka la mama liko Makutano, mjini Meru, kati ya bucha na fundi wa viatu. Halijawahi kuwa na saa zilizoandikwa. Mama akitoka kidogo hulaza ufagio kizingitini, na wateja wanajua hayuko mbali. Hakuna anayeuruka. Jirani yake wa bucha, Mwislamu, naye hulaza wake Ijumaa akienda msikitini, na mama humwangalizia mlango.

Kisha ng'ambo ya barabara ikafunguliwa supamaketi. Kwenye kioo wameandika: kila siku, saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Mimi ni mtu wa ofisi, niliyapenda maandishi hayo. Mama alishaanza kuwaona wateja wake wakivuka barabara. Alipoambiwa atafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kupumzika wiki mbili, hakuogopa kisu. Aliogopa zile wiki mbili.

"Wewe weka tu ufagio," aliniambia.

Ufagio wa wiki mbili! Niliona ni ushamba. Nikachapa karatasi ofisini kwa herufi kubwa: DUKA LIMEFUNGWA MPAKA TANGAZO LINGINE. Siku ya soko nikaibandika mlangoni, nikatia kufuli, nikaenda zangu nimeridhika.

Nilisahau kwamba pale kwetu duka la mama mzee halifungwi kwa karatasi siku ya soko, ila mwenyewe awe amefariki.

Kesho yake mama alikuwa amerudi nyumbani kutoka hospitali, ameketi sebuleni na bandeji jichoni. Wanawake sita wakaingia langoni na sukari, unga na chupa ya chai. Mmoja alinishika mkono akanong'ona, "Pole sana. Mazishi ni siku gani?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani: "Nani amekufa?"

Mmoja alipiga nduru. Mwingine aliketi palepale kwenye nyasi. Walipotulia wakaingia, na mama, ambaye jicho la pili nalo lilikuwa na ukungu, akawatambua mmoja mmoja kwa sauti. Alipomfikia yule wa mazishi alisema, "Na wewe? Si ulihamia kwa hao wa ng'ambo?"

"Nilihamia, mama. Lakini sasa ningekosa kuja kukulilia?"

Walicheka wote, wakainywa ile chai ya matanga. Mimi niliona aibu. Sukari yote ilikuwa ya supamaketi. Wangeinunua wapi, nami nimefunga duka?

Asubuhi iliyofuata nikaenda kuibandua karatasi. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mwenye bucha aliniambia.

"Kijana, hii karatasi yako ilikuwa inafukuza watu. Ufagio unawaambia wangoje kidogo."

Tangu siku hiyo aliulaza ufagio wa mama kizingitini yeye mwenyewe kila asubuhi akifungua bucha, na jioni akifunga aliuingiza kwake.

Wiki mbili zilipokwisha nilimsindikiza mama dukani. Supamaketi ilikuwa wazi tangu saa moja. Mbele ya ufagio walisimama wanawake watatu na vikapu vitupu, yule wa mazishi akiwa wa kwanza. Nilipanga foleni nyuma yao mpaka mama alipoinama akauokota.