Baba mukwe anataka kukata miti yake ya pome, na kosa ni langu

Admin, jina langu ufiche. Mutaa wangu, Kilibula, unaweza kuuacha, uko mukubwa, hawatanijua upesi.

Minye niko mama wa miaka 34, watoto wanne. Bwana wangu anafanya kazi Kalemie, anarudi mara mbili kwa mwaka. Hapa Uvira ninaishi kwa kuuza pome, lile tunda wengine wanaita tufaha. Anayezilima ni baba mukwe wangu, huko juu Bijombo kwenye baridi. Miti aliipanda kabla sijaolewa, miche ya kupewa misheni, akangoja miaka mingi kabla ya kuona hata ua moja. Kila musimu wabebaji wanashuka nazo kwa miguu, siku nzima, mpaka kwangu. Papa, ndivyo ninavyomuita baba mukwe, anazichuma zikiwa bado ngumu, maana pome iliyoiva ukiibeba mugongoni katika njia ile inafika imekuwa uji. Zikifika ninazilaza ndani ya majani makavu chini ya kitanda, wiki mbili ama tatu, mpaka zinakuwa tamu na nyumba yote inanukia. Huko juu hawazilazi. Wanakula palepale mutini, chachu hivyohivyo, na wanajua pome ya Bijombo ndivyo ilivyo.

Sokoni taabu ilikuwa moja. Hapa kwetu pome inanunuliwa kwa ajili ya mugonjwa, ama mugeni wa heshima. Na muntu anayekwenda kumuona mugonjwa anataka ile yenye kakaratasi kamebandikwa, ile ya ng'ambo inayopita Bujumbura ndani ya karto, yale maboksi. Anashika yangu, anaigeuza, anauliza, "Karatasi yake iko wapi?" Nasema ni ya Bijombo. "Aaa, ya Bijombo! Basi nipe fungu kwa bei ya limau." Mwaka wa kwanza niliuza hivyo, na Papa nikamulipa hivyo. Hapo sikumudanganya, Mungu anajua.

Kisha shetani akanipa akili. Kuna mama mumoja anatengeneza matunda ya kukatakata kwa ajili ya arusi. Nikamuomba zile karatasi anazobandua, nikasema watoto wangu wanapenda kuzibandika kwa kaye zao, daftari za shule. Akanipa, na akanisifu kuwa mama mwema! Nikapangusa pome za Papa na kitambaa, nikabandika. Siku ileile zikaisha, mojamoja, kwa bei ya ng'ambo. Hakuna hata muntu mumoja aliyerudisha. Walisema zangu ni tamu kuliko za wengine.

Sasa sikieni ubaya wangu. Papa niliendelea kumulipa bei ya limau. Akituma mubebaji aulize, "Watu wa mujini wanasemaje juu ya pome yangu?" nilijibu, "Wanalalamika, Papa. Wanasema iko chachu." Miaka miwili nilijibu hivyo. Mabati yaliyo juu ya kichwa changu saa hii ninapoandika ni pome zake.

Mwezi uliopita akashuka kutafuta matibabu, tukamulaza hospitali. Mama mumoja wa korale, kwaya ya kanisa, muteja wangu, akaja kumusalimia na pome tatu. Nilizitambua hata kabla hajazitoa kwa sashe ya plastiki. Nilitamani kutoka, lakini mukamwana atatokaje wakati mukwe wake anapewa chakula? Papa akakata kipande, akatafuna polepole, akafunga macho.

"Heee! Kumbe hii ndiyo pome?"

Mama akacheka. "Za ng'ambo hizo, Papa. Si mukamwana wako ndiye anaziuza! Hakuna mwenye nzuri kama zake."

Papa akanigeukia. Nikajua nimekamatwa, maana muntu aliyechuma tunda miaka yote hiyo atakosaje kulijua? Lakini hakuwahi kulila likiwa limelazwa. Akasema, "Weye unauza vitu kama hivi, na bado unachukua takataka yangu kila musimu. Kumbe ulikuwa unanihurumia, binti yangu." Akanyoosha mukono juu yangu, akaniombea mbele ya wagonjwa wote. Alimuomba Mungu anilipe sawasawa na moyo wangu. Nami nikaitika amina!

Sasa amepona, analala kwangu, na keshokutwa asubuhi anapanda Bijombo. Amesema hatanisumbua tena, akifika anakata miti yote. Nilijaribu, "Papa, usikate." Akanijibu, "Nyamaza, umenihurumia vya kutosha." Kwetu mukamwana hasimami mbele ya mukwe kumuelezea mambo mazito, neno linapita kwa bwana. Bwana naye, akisikia nimemula baba yake miaka miwili, nitarudi kwetu na ndoo yangu kichwani. Mambo yakifika sokoni, yule mama wa korale atakuwa wa kwanza kunitemea mate. Na nikinyamaza, miti inaanguka, watoto wanakosa masomo, kwa sababu franka za kununua karto moja ya Bujumbura sina. Nimejifunga mwenyewe na sioni pa kufungulia.

Leo asubuhi nilikuwa ninafua shati lake. Ndani ya mufuko nikakuta kitambaa kimefungwa fundo. Nikafungua, mbegu! Mbegu zote za zile pome tatu, ameziosha, amezianika zimekauka. Nikamuuliza, Papa, hizi ni za nini? Akacheka, ana miaka zaidi ya sabini lakini alicheka kama mutoto.

"Hizo ni za ng'ambo. Nikimaliza kukata ile miti mibaya, napanda hizi. Minye pengine sitafika kuzila. Lakini weye utauza."

Nikafunga fundo vilevile, nikamurudishia. Ndugu zangu, mama zangu, munitukane kesho, leo munisaidie. Nipeni neno la kwanza tu la kumuambia huyu muzee, kabla hajavaa viatu vyake.